Visu vikianza kunguruma: kubadilisha beringi za spindeli kwenye mashine ya nyasi ya kuendesha

Mashine ya kukata nyasi ya kuendesha ina kelele nyingi, na nyingi kati yake hazina madhara. Kuna moja tu ambayo nakuomba usiizoee. Unawasha injini, inatulia vizuri. Unashusha deki, lile sanduku la chuma lililo chini ya mashine lenye visu, unawasha visu, na hapo unasikia mngurumo mzito, mkavu, ukitokea chini ya miguu yako. Ukizima visu na mngurumo ukakoma huku injini ikiendelea kufanya kazi, basi injini haina kosa. Tatizo liko kwenye deki, na mara nyingi ni beringi za spindeli, yaani ule mhimili ulioshika kisu chini na puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda, juu.

Watu hukata nyasi msimu mzima na sauti hiyo masikioni kwa sababu mashine bado inakata. Kiwango cha usalama cha Marekani kwa mashine hizi kinaruhusu ncha ya kisu iende futi 19,000 kwa dakika, si zaidi. Hizo ni kama mita 96 kwa sekunde, karibu kilomita 350 kwa saa. Chuma kinachokwenda kwa kasi hiyo kimeshikwa na shafti moja, yaani fimbo ya huo mhimili, na beringi mbili ndogo zinazoenea kiganjani. Zikianza kulegea, kisu kinayumba, mkanda unaruka, hausingi, ganda la alumini linaloshika beringi, inalika kutoka ndani, na kazi ambayo ingekuwa ya beringi mbili inakuwa ya spindeli nzima.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha. Egesha mahali tambarare, zima, toa ufunguo, ng'oa waya wa plagi, na fungua waya hasi wa betri. Usiruke hatua hii hata kama unataka kuangalia tu. Piga picha ya njia ya mkanda kwenye puli zote kisha uutoe. Sasa zungusha kila puli kwa mkono, moja moja, huku kiganja kingine kikiwa juu ya hausingi. Beringi mbovu utaihisi kabla ya kuisikia: kama mchanga unasagwa ndani. Zungusha pia puli za kukazia mkanda, kwa maana nazo zina beringi zake, na nimeona spindeli nzima zikivunjwa bure wakati mkosaji ni puli ndogo ya pembeni.

Puli inayozunguka muda mrefu bila kusimama huwa inasifiwa kuwa ndiyo nzima. Ukweli mara nyingi ni kinyume. Beringi yenye grisi yake huzunguka kwa ulaini kisha hutulia mapema, kwa sababu grisi ina uzito. Ile inayoendelea kuzunguka kwa wepesi huku ikitoa sauti kavu imeshakaukiwa.

Baada ya hapo shika kisu kwenye ncha, ukiwa umevaa glovu nene, ukisukume juu na chini. Ukihisi kinagonga, beringi zimelika. Angalia pia vumbi la rangi ya kutu kuzunguka shafti, juu chini ya puli au chini karibu na kisu. Hiyo ni dalili ambayo haijawahi kunidanganya.

Kuna jambo moja la kupima wakati kisu bado kimefungwa: shafti iliyopinda. Chagua sehemu moja ya ukingo wa deki, pima umbali wa ncha ya kwanza kutoka sakafuni, zungusha kisu nusu mzunguko, pima ncha ya pili mahali palepale. Vipimo vikitofautiana, fungua kisu, kigeuze nusu mzunguko juu ya shafti, ukifunge tena na upime upya. Ikiwa ncha ileile ndiyo inabaki chini, kisu kimepinda. Ikiwa sasa ncha nyingine ndiyo iliyo chini, shafti imepinda. Shafti iliyopinda usijaribu kuinyoosha. Ukiweka beringi mpya juu yake zitakufa upesi, tena kwa kelele.

Deki huwa naitoa kabisa kwenye mashine. Wapo wanaofanya kazi hii kwa kuinua mbele ya mashine na kulala chini yake, na mimi sikubaliani nao. Kwanza ni hatari, hasa wakiwa wameitegemea jeki peke yake. Pili, huwezi kugonga beringi sawasawa ukiwa umelala chali.

Bolti ya kisu inataka kigogo cha mbao kati ya kisu na ukuta wa deki ili kisizunguke. Nyingi hufunguka kwa kuelekea kushoto kama kawaida, lakini zipo mashine zenye meno ya kinyume, kwa hiyo soma kitabu cha mashine kabla ya kuning'inia kwenye spana. Bolti zinazofunga hausingi kwenye deki ndizo hunitia wasiwasi. Zimeingia kwenye alumini, zimeshikwa na kutu, na zikikatika ndani unabaki kutoboa. Nazimwagia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, kisha nazifungua kidogo, nazirudisha, nazifungua tena. Kwa haraka hutafika popote hapa.

Shafti hutoka kwa kugongwa juu. Acha nati ya juu, ile ya puli, iwe imefungwa hadi ilingane na ncha ya shafti ili meno yasiharibike, na tumia nyundo ya mpira au kipande cha mbao ngumu katikati. Kama hausingi ina pete ya chuma ya kufungia, itoe kwa koleo lake kabla ya kugonga beringi. Alumini haivumilii. Ukigonga beringi huku pete bado imo, kinachopasuka ni hausingi.

Beringi za zamani unazitoa kwa kugonga kutoka upande wa pili. Katikati kuna bushi, bomba fupi la chuma linalotenganisha beringi mbili. Lisukume pembeni kidogo ili upate ukingo wa pete ya ndani, kisha gonga huku na huku, kwa zamu, ili beringi isitoke upande. Weka bushi hiyo mahali ambapo huwezi kuitupa pamoja na uchafu. Nitairudia.

Sasa namba. Futa grisi, soma maandishi kwenye sili, kile kifuniko chembamba cha pembeni kinachozuia uchafu, au ukingo wa beringi, na nunua kwa namba hiyo badala ya jina la mashine. Beringi ya 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje 40, unene 12. Ya 6204 ni 20, 47 na 14. Ya 6205 ni 25, 52 na 15. Ukitaka kukumbuka, kuanzia 04 kwenda juu unazidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 unapata tundu. Mtego uko kwa beringi za inchi. Mashine nyingi za nyasi zina shafti za inchi, na kuna beringi zenye umbo la nje la 6203 lakini tundu lake ni inchi 5/8 au 3/4, yaani milimita 15.875 au 19.05. Ukiangalia kwa macho hutaona tofauti. Kwa hiyo pima shafti kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, kabla ya kwenda dukani. Herufi za mwisho nazo zina maana: 2RS ni sili za mpira pande zote mbili, ZZ ni vifuniko vya bati. Kwenye deki, penye vumbi, maji na majani mabichi, mimi huchukua 2RS.

Badilisha zote mbili, ya juu na ya chini. Ya chini kwa kawaida ndiyo hufa kwanza kwa kuwa iko karibu na unyevu, lakini ile ya juu imebeba mtetemo wote wa mwenzake.

Kabla ya kufunga mpya, safisha hausingi na uangalie kuta zake. Kama pete ya nje ilikuwa ikizunguka ndani ya alumini, utaona ukuta umeng'aa na beringi mpya itaingia kwa kusukumwa na kidole. Hapo nunua hausingi mpya. Shafti nayo ikague vivyo hivyo: mahali beringi inapokaa pasiwe na mfereji. Hausingi mpya nyingi huja na matundu yasiyo na meno, bolti zikichonga meno yake zenyewe mara ya kwanza. Zichonge hausingi ikiwa mezani, bolti ikisimama wima.

Hapa ndipo penye moyo wa kazi. Beringi ina pete mbili na gololi katikati. Nguvu ya nyundo ikipita kwenye gololi, zinaacha alama ndogo kwenye njia yake, na beringi mpya inaanza kunguruma siku ya kwanza. Kwa hiyo unapoingiza beringi kwenye hausingi, sukuma pete ya nje tu. Unapoingiza shafti, pete ya ndani ndiyo iwe imeegemezwa. Soketi yenye upana wa karibu sawa na beringi inafanya kazi nzuri, na beringi ya zamani iliyosagwa ukingo kidogo inafaa pia. Ukiwa na jiriwa kubwa, kaza taratibu badala ya kugonga kabisa.

Joto litakupunguzia kazi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 40 likipashwa nyuzi 70 juu ya joto la kawaida huongezeka takriban milimita 0.06, na hiyo inatosha. Naweka beringi kwenye friza usiku, ikiwa ndani ya mfuko ili isipate unyevu, na naipasha hausingi kwenye maji ya moto kisha naikausha vizuri. Beringi huteleza ndani hadi mwisho kwa kusukumwa kidogo tu. Moto wa gesi moja kwa moja kwenye alumini siutumii.

Ingiza beringi ya kwanza hadi ikae kabisa. Kisha weka bushi. Kisha beringi ya pili, ukiishusha pole pole hadi pete yake ya ndani iguse bushi. Simama hapo: bushi isiwe huru kutikisika, lakini bado uweze kuisogeza pembeni kwa kusukuma. Sababu ni hii. Nati ya puli na bolti ya kisu zikikazwa, zinabana puli, pete ya ndani ya juu, bushi, pete ya ndani ya chini na bega la shafti kuwa kitu kimoja. Nguvu yote hiyo kubwa inapita katikati bila kugusa gololi. Ukiisahau bushi, nati inazivuta pete za ndani zikaribiane huku za nje zimezuiliwa na hausingi, na gololi ndizo zinabeba mzigo wote kwa ubavu. Spindeli itazunguka, ila kwa uzito, itapata moto, na beringi hazitamaliza msimu.

Ndiyo maana kuna jaribio ambalo silipuuzi. Kabla ya kurudisha mkanda, kaza nati na bolti kwa kipimo cha kitabu kwa kutumia spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kisha zungusha kwa mkono. Ikiwa ilizunguka vizuri kabla ya kukaza na sasa inakwama, usijidanganye kwamba italegea yenyewe. Fungua. Ama bushi haipo, ama si yake, ama beringi moja haijakaa mahali pake.

Kisha jiulize kwa nini zile za kwanza zilikufa. Kamba au waya uliojisokota chini ya puli ya kisu hukata sili. Kisu kisicho na uwiano hutikisa beringi kila mzunguko. Kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati, na upande unaoshuka usagwe kidogo hadi kitulie sawa. Lakini muuaji mkubwa niliyemwona ni maji ya presha. Watu wanageuza bomba wanaelekeza moja kwa moja kwenye spindeli, maji yanapita sili, na kutu inaanza ndani mahali usipoona. Juu ya deki futa kwa brashi au pulizia upepo. Chini kwangua kwa kipande cha mbao.

Kuhusu grisi: baadhi ya hausingi zina nipeli, kichuchu cha kuingizia grisi, ilhali beringi zake zimefungwa sili pande zote mbili. Grisi unayopiga inajaa katikati kuzunguka bushi na haizifikii gololi. Katika hausingi za namna hiyo mimi hutoa sili ya upande wa ndani tu wa kila beringi, ile inayotazama bushi, kwa ncha nyembamba ya kisu, na ya nje naiacha. Kabla ya kufunga shafti napaka grisi ya kutosha ndani. Baadaye unapopiga bomba la grisi, piga kidogo na uache mara ukiona grisi inaanza kujitokeza. Ukiendelea utazisukuma nje sili zilizobaki.

Baada ya kukata nyasi mara ya kwanza, zima kila kitu, toa waya wa plagi, na weka kiganja karibu na kila hausingi kwa zamu kabla ya kugusa. Zote zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Iliyozidi wenzake ifungue tena kabla ya kukata kwingine, na kaza upya bolti za hausingi zote ukiwa hapohapo.