Kurudi kwenye bweni la zamani Mlimani

Mkuu, umeuliza kama utaruhusiwa kukiona chumba chako cha zamani pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nenda, ila anza kwa msimamizi wa bweni umweleze wewe ni nani. Usipande ngazi moja kwa moja, hicho chumba sasa ni nyumbani kwa mtu. Jioni ndiyo nzuri, vijana wametoka madarasani. Mimi walinikaribisha vizuri mno, tukapiga stori za kubebana, wawili kitanda kimoja, hadi giza likaingia. Pita pia Hosteli za Magufuli: majengo 20 yaliyozinduliwa 2017, nafasi za wanafunzi 3,840. Nilifurahi kweli kuziona. Na ubebe soda na vitafunwa, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, huwaishia mapema wale.