Bosi ananiita kiziwi mbele ya wateja, niache kazi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni keshia duka la jumla hapa Dar, huu mwaka wa tatu. Masikio yangu hayasikii vizuri, navaa mashine ya sikio na walijua tangu wananiajiri. Sasa amekuja meneja mpya, ni matusi asubuhi mpaka jioni, anatukana wote lakini mimi ndo ananiita "we kiziwi" mbele ya wateja, na mwezi uliopita kanitoa kaunta kanipeleka stoo eti nachelewesha foleni, na posho ya kaunta ikakatwa. HR anasema nimzoee tu ndo alivyo. Nimechoka, nataka niandike barua ya kuacha kazi kesho. Kuna haki nitapata?

JIBU: Marhaba mdogo wangu, pole sana. Hiyo barua usiiandike kesho. Watu wakichoka huwa wanaandika "naacha kazi kwa sababu binafsi" ili waondoke kwa amani, halafu akienda kudai anaonyeshwa karatasi hiyohiyo ina sahihi yake, hapo unaanzia wapi?

Meneja kufokea kila mtu ni tabia mbovu na unaweza kumlalamikia, ila kisheria kinachombana zaidi ni hilo la kukuita kiziwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na inasema wazi kwamba kumnyanyasa kwa sababu hiyo nayo ni ubaguzi. Kwahiyo kuitwa kiziwi, kutolewa kaunta na kukatwa posho viweke fungu moja. Uzuri ni kwamba ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mwajiri ndo anatakiwa athibitishe kwamba haukuwepo. Watasema kazi ya kaunta inataka mtu anayesikia, sheria inawapa nafasi ya kujitetea hivyo, lakini umekaa hapohapo na mashine yako sikioni na kazi ikaenda, sasa watueleze kimebadilika nini zaidi ya meneja!

Anza leo kuandika kwenye daftari tarehe, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Meseji za WhatsApp usifute. Tunza salary slip za kabla na baada ya posho kukatwa, halafu malalamiko kwa HR peleka kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana HR aliyekwambia umzoee kwa mdomo kesho atasema hujawahi kumwambia kitu.

Wakikaa kimya nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze fomu namba 1. Huhitaji kuacha kazi ndo uende. Ila angalia siku, mgogoro wa aina hii una siku 60 tangu utokee na wewe mwezi umeshakatika, usije ukasubiri HR mpaka zikaisha. Ukichelewa inabidi uombe kuongezewa muda na uwe na sababu ya maana. Kama upo chama cha wafanyakazi, kiongozi wenu anaweza kukusimamia huko.

Na ikifika mahali kweli hakukaliki, sheria inatambua mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri kaifanya isivumilike, inahesabika kama umeachishwa. Lakini barua itaje hayo matusi na hiyo stoo, na hapo una siku 30 tu za kufika CMA.

SWALI: Anti mimi nina miezi minne tu kazini na natembelea gongo, msimamizi ananikejeli kila siku. Na mimi naweza kwenda?

JIBU: Ndio mdogo wangu. Chini ya miezi 6 huwezi kudai kuachishwa isivyo halali, ila kinga ya ubaguzi unayo tangu siku ya kwanza, hata anayeomba tu kazi anayo. Daftari na wewe.