CR-V inayonguruma ukikata kona polepole

Kaka, umesema Honda CR-V yako ya 2005, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, inanguruma na kutetemeka kwa nyuma ukikata kona polepole kwenye maegesho, lakini ukiwa kasi kwenye barabara kuu ya Thika Road inanyamaza. Tafadhali usinunue gea boksi bado.

Anza na oili ya difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Difu hiyo ina pampu mbili na klachi ndani. Oili ikichoka, klachi hushika na kuachia badala ya kuteleza, ndipo gari linakoroma. Weka Dual Pump Fluid II ya Honda, si ile oili nzito ya difu za kawaida, hata fundi akikuapia kwamba oili ni oili. Ukienda kuinunua kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, chupa ifunguliwe mbele yako. Kisha zungusha gari polepole uwanjani, kulia na kushoto, oili mpya iingie kwenye klachi.

Tairi nazo zitazame: zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa.

Ila kama ni ta-ta-ta ya mbele ukikunja usukani wote, chungulia nyuma ya gurudumu. Mpira unaofunika jointi ya ekseli ukiwa umepasuka na grisi imerukia rimu, maana yake jointi hiyo ndiyo mbovu.