Barua kwa Mwanangu: Mizani Nilizohesabu kwa Pedali

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo. Magoti ya mama yako yamepata nafuu, na yule kuku wako mwekundu ameangua.

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia Alhamisi, tena zaidi ya mara moja. Unasema unakesha na simu ukitafuta mstari mmoja wa tangazo la redio, unapekua kazi za wenzako mpaka kunakucha, na daftari bado jeupe. Ukaniuliza: "Baba, wewe ulikuwa unatungaje shairi zima njiani? Na mimi niiache simu kabisa, au nifanyeje?"

Usiiache. Utakula nini, mama? Kazi yako imo humo humo. Ila ngoja nikueleze habari ya ile baiskeli, maana nyinyi mliijua kwa kubebewa mkate tu.

Miaka ile nafundisha, nilitoka alfajiri na Phoenix yangu, karibu saa nzima kati ya mikonge na michungwa. Jambo nilikuwa nimelala nalo kichwani. Pengine ni neno moja tu lililonikera ofisi ya walimu. Njiani nikalitia kwenye pedali. Mguu wa kulia mizani moja, yaani silabi moja, wa kushoto mizani ya pili; zikitimia nane nimepata kipande, nane nyingine mshororo umekwisha. Nikifika kwenye kile kilima, pumzi zinakata, nashuka nasukuma, hesabu yote inavurugika. Basi mara nyingi kina nilichokisaka tangu jana kilinijia pale pale kilimani, mkono kwenye usukani, jasho machoni, nimeshakata tamaa nacho. Nikifika shule nakiandika nyuma ya andalio la somo. Siku moja mkaguzi alilikuta shairi kabla ya somo, lakini hayo tuyaache.

Nilidhani ni mambo yangu tu. Baadaye nikasoma kuhusu watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, waliotoa matokeo yao mwaka 2014. Waliwataka watu wabuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida, mara wakiwa wamekaa, mara wakitembea. Wakitembea, mawazo mapya yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 60, hata kwa waliotembea chumbani juu ya mashine, wakitazama ukuta mtupu. Kwa hiyo sifa si ya milima ya Usambara, ingawa mimi nilitaka sana iwe hivyo. Lakini walipopewa maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea kuliwapunguzia kidogo. Hapo nilicheka peke yangu. Malenga gani hajui kwamba wazo hupatikana njiani, na mizani hunyooshwa mezani?

Mwaka huo huo huko Uingereza, Sandi Mann na Rebekah Cadman waliwapa watu kazi ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu kwa dakika 15, kisha wakawauliza vikombe viwili vya plastiki vinaweza kufanyiwa nini. Waliochoshwa na namba walitoa mengi kuliko ambao hawakuchoshwa. Kitabu cha simu, mwanangu! Simu ya zamani iliwachosha watu mpaka akili zikaanza kutangatanga. Hii ya sasa haikupi hata nafasi ya kuchoka.

Sasa nikuungamie. Tangu mliponinunulia simu ya kugusa nilipostaafu, sikutunga ubeti. Nilikuwa nasambaza mashairi ya watu kwenye magrupu, asubuhi na jioni, nikijiona bado mtunzi. Kisha simu ikatumbukia kwenye ndoo ya mama yako ya kufulia. Fundi akaniambia "njoo kesho" siku tisa. Nne za kwanza nilikuwa kama mtu aliyepoteza miwani. Naupapasa mfuko kila mara. Siku ya tano nikaenda kuokota machungwa yaliyopukutika, na huku nimeinama likanijia hili:

Chungwa bivu li mtini, mchumaji hajafika,
Kunguru yu matawini, kadonoa akaruka,
Limeanguka nyasini, chungu wamelizunguka,
Mwenyewe yuko simuni, ameinama kacheka.

Si shairi kubwa, na mshororo wa tatu bado unanisumbua. Lakini ni langu.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Soma maelezo ya mteja ofisini mpaka uyaelewe, uanze, ukwame. Ukishakwama vizuri ndipo uondoke. Ukipanda basi la mwendokasi hapo Dar, Kivukoni kurudi Kimara, simu iwe ndani ya mkoba, chini kabisa (vibaka watakulaumu, lakini wavumilie). Usivae hata vile vya masikioni. Utazame watu, usome maandishi ya khanga za kina mama, ujichokee. Ukienda mtupu, utarudi mtupu. Hili wanaosifia kukaa siku nzima bila simu huwa hawalisemi. Mimi kilima hakikunipa kitu siku nilizopanda sina swali. Na wazo likija, andika kwa penseli. Ukisema ufungue simu uandike mstari mmoja, utakuta ujumbe kumi na saba, na mstari umekwenda zake.

Kapu la machungwa nitalipakia kwenye basi la Jumamosi, ukalipokee stendi. Ukinipigia kati ya alasiri na magharibi sitapokea: simu inakaa kwenye kabati la vyombo, na ufunguo anao mama yako. Ukiwa na la haraka mpigie yeye, naye atatoka uani kuniita.

Nisalimie wajukuu.

Baba yako