"Nahisi unanidharau": hiyo ni hisia au lawama?

Swali: Habari mtaalamu. Mume wangu kila tukigombana ananiambia "nahisi unanidharau", nami namjibu hiyo sio hisia, hiyo ni lawama, basi hapo ndo moto unawaka. Kisaikolojia hisia ni nini hasa? Na mtu akiamka tu hana mudi siku nzima, hiyo nayo ni hisia?

Jibu: Nzuri dada. Kitaalamu uko sahihi, ila hapo nyumbani haikusaidii sana kuwa sahihi.

Sisi tukisema hisia tunamaanisha vitu kadhaa vinavyokuja kwa mkupuo: jambo limetokea, akili imelipima chapchap kama ni zuri au baya kwako, mwili ukabadilika, moyo mbio, viganja jasho, halafu unasikia msukumo wa kufanya kitu, ukimbie, ufoke au ulie. Huwa haikai sana. Mudi inaweza kukaa siku nzima na ukiulizwa kisa nini huna jibu. Ila ikiwa huzuni karibu kila siku kwa wiki 2 na usingizi na hamu ya mambo vimepotea, amwone daktari.

Sasa "nahisi unanidharau" ni kile kipande cha kupima tu, yaani alivyoitafsiri tabia yako. Hasira, aibu, kuumia, hizo ndo hisia zenyewe na hajazitaja. Usimlaumu, hivi vitu vinakuja vimeshikana. Mwaka 1962 wanasaikolojia Schachter na Singer kule Marekani waliwachoma watu sindano ya adrenalini, ile homoni inayopeleka moyo mbio, na wale ambao hawakuambiwa itawafanya nini mwilini walielekea kufuata hali ya mtu aliyewekwa makusudi mle chumbani aigize, kwa wengine akijichangamsha, kwa wengine akijifanya kakasirika. Matokeo yale yamebishaniwa sana, ila mimi hoja yao naiona kila siku kazini: mwili unachemka, sababu tunaitafuta kwa kilicho karibu. Mtu karudi kachoka, ana njaa, moyo uko juu, anaongea na wewe macho yako kwenye simu, hapo dharau ataiona tu hata kama hukuwa nayo.

Kwa hiyo akisema tena achana na kumsahihisha neno, muulize "nimefanya nini ukaona hivyo?" akishajibu ndo umuulize ilimkasirisha au ilimuumiza. Atasema "sijui" mara ya kwanza, wengi ndo wanavyojibu, mpe muda. Na wewe ukimwambia "nahisi hunijali" ujue umefanya yaleyale.