Wamevunja rampu yetu katikati ya kaskazi, tufanyeje?

Wiki hii barua nyingi ni za jambo moja, rampu za kushulia vyombo, yaani ile miteremko ya zege ya kushushia boti baharini, na sishangai manake ndio msimu wenyewe. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, ndio yenye uzito.

*Asalaam aleikum Fundi. Mimi ni mvuvi, nina boti ya faiba ya futi 24 tunaiendesha mimi na ndugu zangu wawili. Rampu yetu ya umma ilikua imepasuka miaka mingi, tukaomba itengenezwe mpaka tukachoka. Sasa ni mwezi wa kumi na mbili, kaskazi imeshaingia, bahari imelala, nguru wameanza kula, ndio kontrakta anakuja na excaveta anaibomoa yote kwa siku mbili. Anatuambia tusubiri miezi mitatu. Msimu wote wa kusi bahari ikiwa chafu tumekaa bure vyombo viko juu, kwani hawakuona? Wenzangu wanataka twende tukamzuie asifanye kazi. Unasemaje? — Mvuvi, Pwani*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Uchungu wako naujua, mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya nahodha na hiyo miezi ya kaskazi ndio ilikua karo yetu ya shule. Lakini msimzuie. Rampu ikishavunjwa, pale chini maji yanaingia na kutoka mara mbili kila siku na kila yakitoka yanabeba mchanga, kwahivyo hilo shimo linakua hata kama hakuna mtu amelishika. Mkimsimamisha mpaka mambo yaende ofisini yarudi, itafika mwezi wa nne kusi inawapiga hapo hapo, na ile pesa iliyokua ya rampu itaisha kujaza mawe kwenye shimo.

Kuhusu kusi, nikwambie ukweli, hata angekuja mwezi wa sita au wa saba hangeweza kujenga. Wimbi la kusi haliachi zege likae. Hapo ndio shida ya hii kazi ilipo, mjenzi na mvuvi wote wanataka bahari ile ile iliyotulia. Wakati mzuri ni ule upenyo wa mwezi wa tisa kwenda wa kumi, kusi imechoka, upepo wa matlai unaanza, kaskazi bado, na bamvua za wakati huo, yaani yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ni kubwa, maji yanapwa mbali kuliko miezi mingine. Yoyote aliyetembea mwambani kutafuta pweza anazijua hizo bamvua za Septemba na za Machi. Sasa mwaka wa pesa wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, ongeza tenda, ongeza saini, ndio unaona kontrakta anafika Desemba. Kwenye hilo mna haki ya kulalamika, na ningependa mlalamike kwa maandishi ili rampu nyingine isije ikapangwa hivyo.

Sasa kwa hii ambayo imeshavunjwa. Nendeni kwa kontrakta na enjinia wake mkiwa na kalenda ya mwezi na jedwali la maji, lile la Kilindini, Mombasa, linalotolewa na mamlaka ya bandari. Muulizeni, kazi gani unaifanya bamvua gani? Kwetu huku siku za bamvua maji yanapwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kujaa ni saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Hiyo ni bahati kubwa kwa fundi, anapata mchana mkavu kama masaa matatu, saa mbili na nusu mpaka saa tano na nusu hivi. Kila siku maji yanasogea mbele karibu dakika 50, siku nne tano zikipita hayapwi tena vya kutosha, mnaingia maji mafu na mkia wa rampu, ile ncha yake ya chini, umezama hauguswi mpaka bamvua ijayo. Bamvua ni mbili kwa mwezi, kwahivyo miezi yake mitatu ina bamvua sita tu. Kontrakta ambaye hawezi kukwambia bamvua ya kwanza nafanya hiki na ya pili kile, huyo atakaa miezi mitatu na ataomba mingine mitatu.

Na muulizeni kama mkia anaumimina pale pale ama analeta vibao vya zege vilivyomiminwa nchi kavu. Hapa naomba mnisikize sana. Zege linataka muda, siku 7 linakua na kama thuluthi mbili ya nguvu yake na nguvu linayopimiwa ni ya siku 28, sasa ukilimimina chini ya alama ya maji kujaa linapata masaa matatu tu halafu bahari inalifunika. Mimi hilo kosa nimelifanya. Miaka ya nyuma nilikua kijana kwenye mjengo wa ngazi za bahari, tulichelewa kuanza, lori la kokoto lilikwama njiani, tukasema haidhuru tumimine tu. Saa sita maji yakafika, kwanza kidogo kidogo kwenye ukingo wa mbao, halafu wimbi moja likapanda juu, na nikaona simiti inatoka kama maziwa inaelea inakwenda zake, imebaki kokoto tupu mahali nilipokua nimesawazisha kwa mwiko wangu nusu saa kabla. Tulivunja yote tukaanza upya na wale wavuvi walitungoja mwezi mzima zaidi kwa sababu yetu. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Kwahivyo vibao. Vinamiminwa juu, vinamwagiwa maji matamu na kufunikwa magunia mpaka vikomae, wakati huo nyinyi mnaendelea kupita. Bamvua ikija, excaveta inavishusha moja moja juu ya tabaka la kokoto na kile kitambaa cha kuzuia mchanga usinyonywe. Kibao cha mita 3 kwa mita 1, unene sentimita 20, kina uzito wa tani moja na nusu hivi, si kitu cha kubebwa na vijana, na uzuri wake ni kua kikishakaa sawa chombo kinaweza kupita maji ya siku hiyo hiyo. Mkikubaliana hivyo, mtafungiwa zile siku chache za bamvua tu, siku nyingine mnashua. Na kama upana unaruhusu afanye nusu nusu, upande wa kushoto kwanza, mpite kulia.

Kwasababu ameshabomoa yote, kwa sasa mnahitaji njia ya muda, na hiyo iwe juu yake si juu yenu. Magunia ya mchanga yapangwe pembeni ya mjengo, magogo ya mnazi ya kuvingirishia, watu wa kuvuta mnao. Lakini kabla ya yote aondoe nondo na vipande vilivyobaki chini ya maji na aweke vijiti virefu vyenye kitambaa cheupe au taa kuonyesha eneo la kazi. Maji yakijaa saa kumi alfajiri huoni kitu, na ndio saa mnarudi. Faiba haihimili nondo, inapasuka kama yai.

Jambo la mwisho kwako, pimeni urefu kwenye mchoro. Mteremko mzuri ni kama mita 8 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kushuka. Bamvua kubwa kwetu tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita 4. Piga hesabu, hiyo ni mita 32 za rampu kwa ajili ya maji peke yake, bado hujaweka sehemu ya juu ya kugeuzia. Mkiona mchoro unasema 20, basi maji yakipwa rampu itaishia mchangani, mtavuta chombo kwenye matope halafu kwenye ngazi, na maji yatachimba chini ya ule ukingo mpaka upasuke tena kama wa zamani ulivyopasuka. Lisemeni sasa. Mkia wenyewe umalizike na mawe makubwa, na juu ya zege kuwe na mifereji ya mshazari maana hapo utelezi wa kijani unashika haraka na mtu mwenye kapu la samaki begani akianguka anaanguka vibaya.

*Fundi mimi si mvuvi, ni mama karanga, nauza samaki wa kukaanga stendi miaka kumi na moja. Tangu wavunje rampu boti zinashukia bandari ya pili, kwenda na kurudi na boda ni mia tatu, na nikifika mnada umeisha, wanaopata ni wenye friza. Kwenye mkutano waliitwa wenye vyombo tu. Sisi tunahesabika wapi? — Mama wa stendi*

Dada, mnahesabika, na nimefurahi umeandika. BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo na uvuvi, si chama cha wenye boti. Kanuni zake zinawatambua na wanaouza na wanaotengeneza samaki, si wenye vyombo na mabaharia peke yao. Kama jina lako halimo kwenye daftari nenda ukaandikishwe wiki hii, na ukiandikishwa mkutano wa rampu ni wako pia. Ombi lenu liwe moja na dogo, mnada uhamie rasmi kule boti zinakoshukia, na usianze kabla ya saa inayojulikana. Dalali anaweza kulifanya hilo bila kuomba pesa ya mtu.

Nauli ya mia tatu mtu mmoja inauma, lakini mkiwa sita tuktuk moja na sanduku moja la barafu inashuka sana. Na kwenye barafu usibane, kwa joto letu weka kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Nakwambia hivi kwasababu umbali umeongezeka. Vibua na jodari wakikaa juani wanatengeneza sumu ambayo haisikiki kwa harufu kila mara, na *kukaanga hakuiondoi*. Mteja anakula, baada ya nusu saa uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, anadhani amerogwa ama ana mzio, kumbe ni samaki alishinda kwenye ndoo bila barafu. Changu na tasi hawana hiyo shida ila nao wanaoza. Kama siku hiyo barafu imekosekana, nunua changu uwaache jodari.

*Fundi, niko kwenye mjengo wa rampu kama kibarua. Bowza la maji matamu halijafika siku mbili na foremani anasema tuchanganye na maji ya bahari, na mchanga tuchote hapo hapo. Ni sawa? — Kijana wa mjengo*

Si sawa mwanangu. Chumvi inakwenda mpaka kwenye nondo, nondo ikishika kutu inavimba, inasukuma zege kutoka ndani, na baada ya miaka michache unaona ule mpasuko mrefu wa rangi ya kahawia unaofuata chuma. Rampu nyingi za pwani zimekufa hivyo. Maji matamu, mchanga wa mto ama uliooshwa vizuri, na nondo isikae chini ya sentimita 5 kutoka nje ya zege, pale panapopigwa na bahari heri hata 7. Ukiogopa kumwambia foremani, mwambie enjinia akija kukagua, ama wape BMU habari kimya kimya. Bora siku mbili mkae bila kazi.

*Bwana Fundi, kando ya rampu kuna ploti ya mtu, na tangu ujenzi uanze ameweka waya mpaka chini ufukweni anasema njia ya muda haitapita kwake. Ana haki? — Mzee wa kijiji*

Mzee wangu shikamoo. Pale chini, katiba ya Kenya ya 2010 iko wazi, kifungu cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Waya ukifika huko umetoka kwenye ploti yake. Kwahivyo njia ya muda ikiwekwa chini ya ile alama, piteni bila wasiwasi, ila mtapita maji yakiwa yamepwa tu. Juu ya alama, pale panapounganisha barabara na pwani, ni mambo mengine, hapo inategemea ramani, na hiyo ramani muiombe ofisi ya ardhi ya kaunti sasa hivi kabla rampu haijaisha. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa haki ya kuiomba kwa maandishi. Ikionyesha njia ya umma, nakala moja mpeni kontrakta na nyingine mwenye ploti, na mzee ukienda kwake nenda na imamu ama mtu anayemuheshimu, mnywe kahawa kwanza, waya wenyewe unatolewa kwa koleo dakika tano.