Maswali ya Wasomaji: Kioo, Chokaa na Boriti

Picha za jumba la Hardwick Hall kule Uingereza zinaonyesha madirisha karibu ukuta mzima. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina kuta nene na madirisha madogo. Je, wenzetu walikuwa na ufundi ambao mababu zetu hawakuwa nao?
*Mwanafunzi wa ujenzi, Tononoka*

Ufundi ulikuwapo kote kuwili. Kilichotofautiana ni jua. Hardwick Hall, lililoko Derbyshire, lilijengwa kati ya 1590 na 1597. Ni miaka ileile ambayo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa, mwaka 1593. Mwenye jumba alikuwa mjane tajiri, Bess wa Hardwick, na ramani yake husemwa kuwa ni kazi ya Robert Smythson. Kioo wakati huo kilikuwa ghali mno, kwa hiyo kujaza ukuta kioo kulikuwa kutangaza mali, na pia kulivuta ndani mwanga hafifu wa kaskazini.

Tazama ilivyowezekana. Mabomba ya moshi wa meko yalipitishwa ndani ya kuta za kati, nazo kuta za nje zikabaki huru kutobolewa madirisha mapana. Ghorofa pia huzidi kimo kadiri unavyopanda, maana vyumba vya heshima viko juu kabisa. Gharama yake ni baridi: joto la meko hupotelea kwenye vioo.

Kwetu jua ndilo la kukingwa. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe huchelewesha joto la mchana lisifike chumbani, na katika nyumba zenye uwanja wa ndani, mwanga na hewa hutoka huko. Ndiyo maana kuuziba uwanja kwa mabati ili kupata chumba cha ziada ni kosa kubwa. Nyumba nzima hugeuka tanuri.

Ukuta wa sebule yangu hutoa chumvi nyeupe na lipu inabambuka. Fundi aliipiga upya kwa simiti, na sasa unyevu umepanda juu zaidi. Nifanyeje?
*Mama mwenye nyumba, Kibokoni*

Pole, mama. Simiti yenyewe ndiyo inayoupandisha unyevu. Tumbawe lina vitundu vingi, na nyumba hizi hazikuwekewa kizuizi cha maji kwenye msingi. Maji ya ardhini yenye chumvi hupanda ukutani, na zamani yalitokea taratibu kupitia lipu ya chokaa. Simiti imeyafungia njia. Sasa yanapanda hadi yapate upenyo, na chumvi inayoganda nyuma ya lipu ndiyo inayoisukuma na kuibambua.

Ibomoe simiti yote, hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Fundi atumie patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutikisa huvunja tumbawe. Akwangue viungo kwa kina cha sentimita 2 au 3, apige brashi kavu, kisha chumvi iliyoanguka izolewe itolewe nje. Uacheni ukuta wazi wiki kadhaa ukauke, madirisha yakiwa yamefunguliwa. Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka.

Lipu mpya iwe kipimo 1 cha chokaa iliyozimwa na kulowekwa, kwa vipimo 3 vya mchanga safi. Mchanga wa pwani usiguswe, una chumvi. Wala msikubali ile «simiti kidogo ya kuipa nguvu». Lowesheni ukuta kwa maji matamu, pigeni tabaka la milimita 10 hivi, likwaruzwe likiwa bado bichi, na subirini angalau wiki moja kabla ya la pili. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa ukaa (kaboni dioksidi) ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na kaskazi kwa siku moja itapasuka na kutoa unga. Tundikeni magunia mabichi mbele yake. Mwisho pakeni chokaa, si rangi ya plastiki, maana hiyo hufunga ukuta kama simiti. Na anayezima chokaa hai, yaani ile ambayo bado haijatiwa maji, avae miwani na glavu: huchemka na huunguza macho.

Majumba ya Uingereza nayo yalijengwa kwa chokaa; simiti ya Portland ilipata hataza mwaka 1824 tu. Palipozibwa viungo vyake kwa simiti, maji yalinaswa kwenye jiwe, yakaganda wakati wa baridi na kulichana. Huko mharibifu ni barafu, huku ni chumvi.

Boriti mbili za dari zimeoza vichwa. Niweke vyuma?
*Msomaji, Kuze*

Hapana. Chuma ndani ya ukuta wenye chumvi hushika kutu, huvimba na kupasua mawe. Kwanza dunga kila boriti kwa bisibisi karibu na ukuta. Bisibisi ikizama kwa urahisi, boriti imeoza. Tegemeza dari kwa nguzo kabla ya kugusa chochote. Weka boriti ya mkoko ya unene uleule, ununue kwa muuzaji mwenye kibali, na uache nafasi ndogo ya hewa kuzunguka kichwa chake. Kisha tafuta kilichoiozesha: mara nyingi ni mfereji wa paa unaovuja juu ya sehemu hiyohiyo. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, basi pitia ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya fundi kuanza.